Kutafsiri makaratasi na etikete za kahawa ya bio kwa Kiingereza: mwongozo kamili kwa koperative za Bukavu

Kahawa ya Kalehe, Idjwi na Kabare huandikiwa makaratasi yake kwa Kifaransa. Daftari za wakulima huandikwa kwa Kiswahili, mara nyingine kwa Kihavu au Mashi. Halafu mnunuzi wa London au Seattle anataka vyote kwa Kiingereza, tena kabla ya kontena kuondoka. Kazi hiyo huangukia kijana yeyote wa ofisi aliyesoma Anglais, naye huifanya kwa bidii usiku mmoja akiwa na kamusi ya kawaida. Kamusi ya kawaida haitoshi. Maneno ya bio, yaani ya kilimo hai kisichotumia kemikali za kiwandani, yamefungwa na sheria: sheria inasema nani anaruhusiwa kuyaandika, kwenye bidhaa gani, na namba gani ikae karibu nayo. Kwa hiyo mtafsiri habuni neno. Analitafuta neno ambalo sheria ya soko lile imekwisha kulichapa, kisha analirudia lilelile kwenye kila karatasi.

Mwongozo huu unachukua kahawa kama mfano kwa kuwa ndiyo inayosafiri zaidi kutoka kando ya ziwa Kivu, lakini kakao na kwinini hupita njia hiyohiyo.

Uliza kwanza kahawa inaenda wapi

Kiingereza cha bio si kimoja. Kabla ya kufungua kompyuta, mwulize mwenye mkataba: mzigo unaingia Umoja wa Ulaya, Uingereza, au Marekani?

Umoja wa Ulaya unafuata kanuni 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Uingereza, baada ya kutoka katika Umoja, ilibaki na kanuni za zamani, 834/2007 na 889/2008, na kuzifanya sheria yake. Ireland ya Kaskazini peke yake hufuata sheria ya Umoja wa Ulaya. Marekani ina mpango wake wa kitaifa, unaojulikana kwa herufi NOP, chini ya wizara ya kilimo, USDA. Kanuni zake za udhibiti ziliimarishwa, na tangu tarehe 19 Machi 2024 kila mzigo wa bio unaoingia Marekani lazima uwe na “NOP Import Certificate”.

Tofauti hizi zinagusa maneno yenyewe. Shirika linalokagua na kutoa cheti, ambalo Kifaransa huliita “organisme de contrôle”, Ulaya ni “control body”, Marekani ni “certifying agent”, au kwa kifupi “certifier”. Koperative yenye cheti kimoja cha pamoja ni “group of operators” kwa Ulaya, na “producer group operation” kwa Marekani. Ukichanganya maneno ya pande mbili kwenye barua moja, msomaji wa kule hajui unadai kutimiza sheria ipi. Kama koperative ina vyeti vyote viwili, andaa tafsiri mbili. Ni kazi zaidi, lakini tafsiri moja ya kuchanganya hurudishwa.

Kusanya kila kitu, kisha tenga visivyotafsiriwa

Omba haya yote kwa pamoja: cheti cha bio pamoja na kiambatisho chake cha bidhaa, ripoti ya ukaguzi ya mwaka, orodha ya wanachama, kanuni za ndani za koperative, fomu ya ahadi ya mkulima, daftari za shamba, rejista ya stasioni ya kuosha, hesabu ya loti (mafungu ya mzigo), faktire, na maandishi ya gunia.

Cheti chenyewe usikitafsiri na kukipangilia kikafanana na asili. Cheti ni mali ya shirika la ukaguzi; liombe toleo la Kiingereza, kwa kuwa mashirika mengi hutoa. Mnunuzi akihitaji tafsiri kwa haraka, andika maneno matupu bila nembo wala muhuri, na juu kabisa weka “Translation from French, for information only”. Karatasi iliyotafsiriwa ikabebeshwa nembo inaonekana kama cheti cha kughushi, hata kama nia ilikuwa njema.

Vilevile hati ya ukaguzi ya kila mzigo, “certificat d’inspection”, kwa Kiingereza “certificate of inspection” au COI, haitafsiriwi. Hujazwa ndani ya mfumo wa kompyuta wa Ulaya unaoitwa TRACES, na shirika la ukaguzi linapaswa kuitoa kabla mzigo haujaondoka nchini. Kazi yako ni kuhakikisha faktire, orodha ya magunia na maandishi ya gunia vinasema yaleyale iliyosema hati hiyo.

Sheria yenyewe ndiyo kamusi

Bahati kubwa ya mtafsiri wa Bukavu ni hii: sheria ya Ulaya imechapwa kwa Kifaransa na Kiingereza, ibara kwa ibara, na zote mbili zina nguvu sawa. Ingia kwenye tovuti ya EUR-Lex, andika 2018/848, chagua toleo lililounganishwa pamoja na marekebisho yake, kisha bonyeza sehemu ya kuonyesha lugha nyingi na uchague FR na EN. Kurasa zitakaa ubavu kwa ubavu. Anzia ibara ya 3, penye maana za maneno. Nenda ibara ya 30, inayosema nani anaruhusiwa kutumia neno la bio, halafu ibara ya 36, inayohusu vikundi vya wakulima. Kiambatisho cha IV kinaorodhesha neno lenyewe kwa kila lugha ya Umoja: “biologique” kwa Kifaransa, “organic” kwa Kiingereza.

Kwa upande wa Marekani sheria iko kwa Kiingereza tu, sehemu ya 205 ya 7 CFR, yaani kitabu cha 7 cha kanuni za serikali kuu. Msaada mzuri hapo ni viwango vya Kanada, CAN/CGSB-32.310 na 32.311, vinavyotolewa kwa Kifaransa na Kiingereza. Msamiati wake uko karibu na wa jirani yake, ila kila neno lithibitishe kwenye 205 kabla ya kuliandika.

Tengeneza jedwali la safu nne: Kifaransa cha makaratasi yenu, Kiingereza cha Ulaya, Kiingereza cha Marekani, na namba ya ibara ulikolipata. Jaza maneno yaliyomo ndani ya makaratasi yenu tu. Neno lisilo na ibara kwenye safu ya nne ni neno ulilolibuni. Liwekee alama na umwulize mkaguzi.

Maneno yanayoponza

“Biologique” haliwi “biological”. Kwenye etikete ya Kiingereza ni “organic” tu. Kosa hili linaonekana dogo, lakini “biological coffee” si dai linalotambulika, na afisa wa forodha anaweza kuuliza kama mzigo umewahi kukaguliwa.

“Naturel” ni hatari kuliko hilo. Mkulima akisema kahawa yake ni “naturelle”, anamaanisha hakutia kitu cha kiwandani. Katika biashara ya kahawa, “natural” ni njia ya kuandaa: matunda yamekaushwa mazima na ganda lake, bila kuoshwa. Kahawa iliyopita stasioni ya kuosha ni “fully washed”. Ukiandika “natural organic coffee” juu ya kahawa iliyooshwa, mnunuzi atatarajia ladha nyingine, na sampuli itakataliwa bila ubishi.

“Produit phytosanitaire” ni dawa ya kukinga mimea: “plant protection product” kwa Ulaya, “pesticide” kwa mazungumzo ya kawaida. Usiandike “phytosanitary product”. “Phytosanitary certificate” ni karatasi nyingine kabisa, ile ya serikali inayosema mzigo hauna wadudu wala magonjwa ya mimea. Wawili hawa wakichanganywa, ripoti ya ukaguzi inasomeka kana kwamba shamba lilipuliziwa cheti.

“Contrôle” huwa “inspection” pale mtu anapokwenda shambani, na huwa “control” ndani ya majina yaliyopangwa na sheria. Anayekwenda ni “inspector”, wala si “controller”. Hapa kwetu kuna mtego wa pili: Office Congolais de Contrôle, OCC, nayo hukagua mizigo inayotoka, lakini si kwa bio. Jina lake liache kwa Kifaransa na herufi zake, na neno “organic” lisikae karibu nalo. Fanya hivyo pia kwa ONAPAC, ofisi ya taifa ya mazao ya kilimo. Cheti cha mahali kahawa ilikotoka, kinachoandikwa “OIC” kwa Kifaransa (herufi za shirika la kimataifa la kahawa), huwa “ICO certificate of origin”.

“Exploitation” ni “holding” au “farm”. “Conditionnement” ni “packaging”. “Pied de caféier” ni “coffee tree”. Ipo mikataba iliyosema koperative ina maelfu ya “feet of coffee”. “Conventionnel” kanuni mpya ya Ulaya huita “non-organic”, kwa hiyo loti iliyoshushwa daraja iitwe hivyo. “Commerce équitable” kwa jumla ni “fair trade”, maneno mawili. “Fairtrade” kwa neno moja ni alama yenye mwenyewe. Usiiandike kama hamna cheti chake.

Neno linalostahili muda mrefu zaidi ni “en conversion”. Kahawa ni zao la kudumu, na kanuni ya Ulaya inataka miaka mitatu ya mpito kabla ya mavuno ya kwanza ya bio. Baada ya miezi 12 ya mpito, zao linaweza kuitwa “in-conversion”, likiwa na kiungo kimoja tu cha mmea. Marekani nayo inataka miezi 36 tangu dawa iliyokatazwa ilipotumika mara ya mwisho shambani, lakini kanuni zake za etikete hazina daraja la mpito. Kahawa ambayo Ulaya ni “in-conversion”, Marekani huuzwa kama kahawa ya kawaida. Anayeandika “organic in conversion” kwa mzigo wa Marekani ametumia neno “organic” pasipo haki, na hilo ni kosa la sheria, si la sarufi. Orodha ya wanachama ndiyo inayoathirika zaidi: kila mkulima ana hadhi yake ya mwaka, na safu ya “statut” itafsiriwe mstari kwa mstari. Usinakili neno moja hadi chini.

“Système de contrôle interne”, SCI, huwa “internal control system”, ICS. Ndani ya kanuni ya Ulaya utakuta “system for internal controls”. Chagua moja kwa karatasi nzima. Ibara ya 36 inaweka kikomo cha wanachama 2,000 kwa kikundi na kutaka kikundi kiwe na utu wa kisheria, kwa Kiingereza “legal personality”. Kwa hiyo hati ya usajili ya koperative nayo itafsiriwe, tena jina la koperative libaki kama lilivyosajiliwa.

“Équivalence” na “conformité” zisibadilishane nafasi. Chini ya mfumo wa zamani wa Ulaya, mashirika ya ukaguzi ya nje yalitambuliwa kwa “equivalence”, na utambuzi huo ulikoma tarehe 31 Desemba 2024. Sasa neno ni “compliance”, yaani kutimiza kanuni yenyewe. Kanuni za ndani zilizotafsiriwa zamani bado zina neno la kale. Litafuteni na kulirekebisha, na si neno tu, bali na utaratibu lililokuwa linaueleza.

Daftari la mkulima: “dawa” na “mbolea”

Hapa Kiingereza kizuri hakisaidii kitu kama hujauliza. Mkulima ameandika “nilipiga dawa kwa maharage”. Dawa ipi? Inaweza kuwa majivu, maji ya pilipili, au mankozebu ya dukani, ambayo wengi huiita Dithane na ambayo imekatazwa katika kilimo cha bio. Ukiandika “pesticide” kwa kila “dawa”, umemshtaki mtu aliyetumia majivu. Ukiandika “treatment”, umemficha aliyetumia mankozebu, na mkaguzi anayejua kazi atashtuka palepale.

Utaratibu ni huu. Rudi kwa mkulima au kwa mkaguzi wa ndani ukiwa na maswali manne: kitu gani, kwenye zao gani, kiasi gani, lini. Kama ni cha dukani, omba chupa au pakiti na uandike jina la kiini kilichochapwa hapo, mbali na jina la biashara. Majivu ya kuni ni “wood ash”. Kanuni ya Ulaya inayakubali yakitoka kwenye mti ambao haukutiwa kemikali baada ya kukatwa. Mchanganyiko wa salfeti ya shaba na chokaa, “bouillie bordelaise”, ni “Bordeaux mixture”. Andika kiasi chake daima, kwa sababu shaba ina kikomo.

“Mbolea” nayo igawanye. Samadi ya ng’ombe ni “farmyard manure”, mboji ni “compost”, maganda laini ya kahawa kutoka mashine ya kumenya ni “coffee pulp”, na ile ya mfuko yenye namba tatu ni “mineral NPK fertiliser”, iliyokatazwa. Matandazo ya majani ni “mulch”.

Halafu kilo. “Kilo 6,000 za kahawa” haina maana mpaka useme ni kahawa ya hali gani. Tunda bichi ni “cherry”, parche ni “parchment coffee”, na ile iliyokobolewa, “café vert”, ni “green coffee”. Kwa makadirio ya kawaida, kilo 5 za matunda hutoa kilo 1 ya parche, na parche ikikobolewa hubaki karibu asilimia 80. Hivyo kilo 6,000 za matunda ni karibu kilo 1,200 za parche na kilo 960 za kahawa ya kijani. Mkaguzi hulinganisha kilichonunuliwa na kilichouzwa. Kama rejista ya stasioni imetafsiriwa “coffee” kila mahali, hesabu itaonekana kama mlipoteza tani kadhaa, au mbaya zaidi, kama mliongeza kahawa ya jirani asiye na cheti.

Majina, namba, tarehe

Mkongomani huandikwa “nom, postnom, prénom”. Usijaribu kuyageuza kuwa “first name” na “last name”. Weka safu moja, “Full name as registered”, uyanakili kwa mpangilio wa karatasi ya asili. Ukigeuza kwenye karatasi moja na kuacha kwenye nyingine, mwanachama mmoja anakuwa watu wawili, na mkaguzi anayehesabu wanachama atauliza wa pili alitoka wapi.

Nchi ni “Democratic Republic of the Congo”, na “the” ikiwemo. Herufi zake za kimataifa ni CD. CG ni Congo ya Brazzaville. Tofauti hii ya herufi moja huamua kama namba ya shirika la ukaguzi ni sahihi, maana namba hiyo huanza na herufi za nchi ukaguzi unakofanyika, ikifuatiwa na herufi tatu na tarakimu: CD-BIO- kisha namba ya shirika. Herufi BIO ndani ya namba hazitafsiriwi. Usiandike CD-ORG kwa kuwa umehamia Kiingereza. Inakili kutoka kwenye cheti, alama kwa alama.

Kifaransa huandika 19.200 kg au 19 200 kg, na Kiingereza 19,200 kg. Magunia 320 ya kilo 60 yakiandikwa “19.200 kg” kwenye faktire ya Kiingereza, yanasomeka kilo kumi na tisa na gramu mia mbili. Tarehe 03/04/2025 London ni Aprili, Seattle ni Machi. Andika mwezi kwa neno: 3 April 2025.

Etikete

Kwa magunia yanayosafiri kwenda kwa mnunuzi wa Ulaya, kanuni inataka mambo manne: jina na anwani ya mwenye mzigo, jina la bidhaa likionyesha kuwa ni ya bio, jina au namba ya shirika la ukaguzi, na alama ya loti. Mfano wa gunia la kahawa ya kijani:

ORGANIC GREEN COFFEE – ARABICA – FULLY WASHED
Product of Democratic Republic of the Congo
Jina na anwani ya koperative, Bukavu, South Kivu
Control body: CD-BIO- na namba yenu
Lot no.: kama ilivyo kwenye hati ya ukaguzi
Net weight: 60 kg

Kwa pakiti ya kahawa iliyokaangwa angalia cheti kwanza. Mara nyingi kiambatisho cha bidhaa kinasema “café vert” peke yake. Basi “organic roasted coffee” haiandikwi hata kama kahawa ndani ni ileile, kwa sababu kazi ya kukaanga na kufunga haijakaguliwa. Namba ya forodha inasaidia kugundua: kahawa isiyokaangwa yenye kafeini yake ni 0901.11, iliyokaangwa ni 0901.21.

Nembo ya jani la Ulaya si lazima kwa bidhaa iliyotoka nje ya Umoja. Ukiiweka, inakuja na masharti: urefu wa kwenda juu usipungue milimita 9 na upana 13.5, namba ya shirika ionekane, na mahali pa asili patajwe. “Agriculture non UE” ni “non-EU Agriculture”. Kwa Uingereza maneno ni “non-UK Agriculture”, na kahawa ikifungwa kule, namba ya shirika linalomkagua mfungaji huanza na GB-ORG.

Marekani ina madaraja. “100 percent organic” ni daraja la kisheria, kwa hiyo “100% bio” ya matangazo isitafsiriwe hivyo bila kuuliza. “Organic” inataka angalau asilimia 95, bila kuhesabu maji na chumvi. “Made with organic” na jina la kiungo inataka 70, na haibebi muhuri wa USDA. Chini ya jina la mfungaji au msambazaji lazima pawe na “Certified organic by” na jina la shirika. “À consommer de préférence avant” ni “best before”. “Use by” ni ya vyakula vinavyooza haraka.

Kabla ya kutuma

Chapa karatasi zote, uziweke mezani pamoja. Mtu mmoja asome kwa sauti namba ya loti, idadi ya magunia, uzito halisi, jina la bidhaa na namba ya shirika kutoka kwenye hati ya ukaguzi, na mwingine afuate kwa kidole kwenye faktire, orodha ya magunia na picha ya gunia. Picha ya gunia lenyewe, si ya mchoro, kwa sababu mchoraji wa stensili hukosea herufi. Kisha pitisha utafutaji wa kompyuta kwa maneno haya: “biological”, “natural”, “controller”, “phytosanitary product”, “feet”, “equivalent”. Kila linapojitokeza, litolee sababu au liondoe.

Tuma maandishi ya etikete kwa shirika la ukaguzi yapitishwe kabla ya kuchapa magunia. Subiri jibu la maandishi, simu haitoshi. Lihifadhi pamoja na karatasi ya asili, tafsiri na jedwali la maneno, kila faili likiwa na namba ya loti na tarehe. Marekani inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5, na jedwali hilo ndilo utakaloanzia nalo msimu ujao, hasa kama aliyetafsiri mwaka huu amekwisha kuhamia Goma.